Walioitwa Wakati wa Likizo

Mama Annonciata alipopewa maikrofoni aliahidi ushuhuda wa dakika mbili, na hapana mtu katika kanisa lile la mabati pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, aliyemwamini. Alianza na mafua yake yaliyopona, akapitia usipa wake, dagaa wa ziwani, uliokwisha wote sokoni siku ya Ijumaa, kisha akafika pale alipotaka kufika tangu alipoamka.

"Bandugu, munajua Douce yangu, ule anasoma science kule Lilongwe," alisema. "Sasa chuo inafunga. Batoto bote banarudi kwao kulala. Lakini juu ya Douce, balimu banasema hapana, ule arudi! Banamuita asome semesta ya peke yake, wakati bengine beko likizo!"

Kanisa likalipuka kwa vigelegele. Mwanamke mmoja alivua kitenge chake cha begani akakipeperusha. Kwenye kinanda, Guy, mtoto wa pasta, alipiga mlio mrefu wa ushindi huku akimtazama Douce na kucheka bila aibu. Douce mwenyewe, aliyekuwa amesimama na kwaya, aliangalia viatu vyake na kutamani sakafu ipasuke immeze pamoja na kwaya nzima.

Alichomwambia mama yake Jumatano kilikuwa hiki: chuo kimeniita nirudi nisome wakati wa likizo. Kila neno lilikuwa la kweli. Aliacha jambo dogo tu, kwamba alikuwa ameanguka kemia. Semesta ya kiangazi, kama chuo kilivyoiita ingawa Juni hiyo baridi ya kambini ilikuwa inauma masikio, iliwekwa kwa ajili ya walioanguka. Aliyefaulu hakuwa na shughuli nayo. Mama Annonciata alichukua maneno machache ya binti yake akayapika mpaka yakafura, kama anavyofura mwenyewe akisifiwa watoto.

Pasta Zihindula alirudishiwa maikrofoni. Alitabasamu, lakini lilikuwa tabasamu la mtu aliyekanyagwa kidole mbele ya wageni, maana Guy wake alisoma darasa moja na Douce na hakuna aliyekuwa amemwita.

"Tunamshukuru Mungu," alisema. "Guy yangu yeye anamaliza yote, anapumzika. Lakini furaha ya Mama Annonciata ni yetu. Na sisi bantu ya Bukavu tunajua, aksanti haitumwe kwa simu. Mtu akikutendea mema, unamufuata kwake na bantu, na unaenda na kitu mukononi. Tutaenda Lilongwe siku ya tano, tushukuru ule mwalimu mukubwa. Délégation!"

"Amina!" likajibu kanisa.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kujiandikisha semesta hiyo.

Baada ya ibada alimfuata Guy kwenye kimeza chake cha kutengeneza simu, karibu na wauza maandazi. Guy alikuwa tayari amefungua simu ya mtu na kuitawanya vipande vipande juu ya gazeti.

"Félicitations, mteule," alisema Guy.

"Acha upumbavu. Tulianguka sisi wawili, na weye ulianguka vibaya kunipita."

"Sauti, basi!" Guy aligeuka kuangalia kama kuna mshirika wa kanisa karibu. "Papa anajua nilimaliza. Na nilimaliza kweli. Examen ilianza, ikaisha, nikatoka."

Douce alivuta kindoo akakaa. Alikuwa amejiandaa kumbembeleza, na kubembeleza kulimchoma kuliko kuanguka kwenyewe. Dokta Kachingwe, mkuu wa idara ya sayansi, alikuwa ametangaza kwamba darasa la kemia halitafunguliwa bila wanafunzi wanane, maana maabara haiwashwi kwa ajili ya watu wachache. Waliojiandikisha walikuwa saba. Na shirika lililowalipia masomo watoto wa kambini lilikwisha sema: mtu asiyefaulu masomo yote kabla ya Septemba, udhamini wake umekufa.

"Tuko saba, Guy. Banataka munane. Ukijiandikisha tu, darasa inafunguka."

"Saba ni hesabu ya Mungu."

"Dokta Kachingwe haijue ile hesabu. Guy, mi ninakuomba. Darasa isipofunguka, mi niko nje. Weye pia uko nje! Utamuambia papa yako nini mwezi wa tisa?"

"Nitamuambia chuo ilifungwa."

"Ilifungwa, na mi nitakuwa napita mbele ya kanisa na sac yangu ya vitabu kila juma?"

Guy alikuna kichwa kwa bisibisi. Kwa kweli hilo hakuwa amelifikiria. Lakini alikuwa kijana wa kuogopa leo na kuiachia kesho ijitegemee. "Papa alisema mbele ya bantu mia mbili kama ninapumzika," alisema. "Nikienda, ataniuliza ju ya nini. Mi siwezi, Douce. Pardon."

Akarudi kwenye simu yake, na Douce akaenda nyumbani na machozi ya hasira.

Wiki nzima alijaribu kuizuia ile délégation. Alisema Dokta ana kazi nyingi. "Njo maana tutafika asubuhi," mama yake akajibu. Alisema chuoni hawaruhusu wageni. "Sisi si bageni, tuko bazazi." Alisema yeye mwenyewe atapeleka salamu. Mama Annonciata aliweka chini pasi ya mkaa akamwangalia kwa huruma.

"Mutoto yangu, usiwe na haya ya kusifiwa. Haya ni kwa mwenye alianguka."

Pembeni, baba yake, Papa Lévi, alikuwa ameinama kwenye cherehani. Huyu alikuwa mtu wa maneno machache, pengine kwa sababu katika nyumba ile maneno yalikuwa yamekwisha gawanywa na fungu lake lilikuwa dogo. Alikuwa anamshonea Douce koti jipya la maabara kwa shuka jeupe. Lile la zamani lilikuwa na tundu la asidi ubavuni, kubwa la kupitisha ngumi.

"Ile asidi ilikumwangikia lini?" aliuliza Papa Lévi bila kuinua macho.

"Mwezi wa tano, Papa. Siku ya examen ya pratique."

"Ehe," alisema Papa Lévi, akaendelea kukanyaga cherehani.

Siku ya Ijumaa walitoka mapema. Karani wa vibali vya kutoka kambini alimuuliza pasta mara mbili sababu ya safari, na mara mbili pasta akajibu, "Kushukuru." Karani alisema katika kazi yake hajawahi kuona mtu akitoka kambini kwa sababu hiyo, akagonga muhuri. Walikuwa watu watano: pasta katika suti ya kijivu, Mama Annonciata aliyevaa kitenge kipya mwili mzima mpaka kichwani, Papa Lévi, Douce aliyekunja koti lake kwenye mfuko, na Mzee Nduwayo. Mzee Nduwayo alikuwa shemasi, Mrundi wa mkoa wa Ngozi, na kazi zake katika kila ujumbe wa kanisa zilikuwa mbili: kushika zawadi, na kukohoa pale pasta anaporefusha maneno. Zawadi ya safari hii ilikuwa jogoo mwekundu.

Chuo kilikuwa nyuma ya Area 47, mtaa mmoja wa Lilongwe, na mlinzi wa getini akamkataa jogoo.

"Wanyama hawaingii," alisema.

"Haiko munyama, iko aksanti," alisema Mama Annonciata, kisha akaingia katika Kichewa. Kichewa chake kilikuwa cha sokoni, cha mizani na kurushiana maneno, lakini kilikuwa kingi na hakikuchoka. Miaka ya kuwauzia usipa wanawake wa vijiji vya jirani ilikuwa imemfundisha. Mlinzi alishindwa kabla ya dakika tano kwisha. Aliwaacha wapite pamoja na jogoo, na akajikuta anamsaidia Mzee Nduwayo kumfunga miguu upya.

Pasta Zihindula alisubiri pembeni, mikono nyuma. Alikuwa amekaa Malawi miaka kumi na mmoja akingojea kupelekwa Kanada, na aliona hakuna haja ya kujifunza lugha ya mahali anapopita tu.

Dokta Kachingwe alikuwa mama wa makamo mwenye miwani na haraka. Alipoinua uso na kuona kitenge, suti, mzee, fundi na jogoo wakiingia ofisini kwake wakiwa mstari mmoja, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Pasta hakukaa. Alifungua vifungo vya koti na kuanza. Douce akawa mkalimani, hapakuwa na mwingine.

"Mama mukubwa," alisema pasta, "sisi kanisa yote tunakuja kukushukuru. Uliona akili ya mutoto wetu kati ya batoto mingi, ukamuchagua."

Douce alimeza mate. "Huyu ni pasta wetu. Anasema wanashukuru kwa muda wako," alisema kwa Kiingereza.

"Karibuni," alisema Dokta. "Lakini sielewi. Kuanguka kemia kunahitaji pasta?"

"Anasema karibuni," Douce akawaambia.

"Tu?" aliuliza Mama Annonciata. "Alisema maneno mingi."

"Kiingereza iko mrefu, Mama."

Pasta aliendelea. Alieleza jinsi elimu inavyotoka kwa Mungu, akapita kwa Sulemani, akaelekea kwa Danieli. Mzee Nduwayo alikohoa. Jogoo naye akatoa sauti. Dokta Kachingwe alitazama saa ya ukutani, akamtazama Douce aliyekuwa anatoka jasho katika baridi ile, kisha akaamua kukata njia. Alimgeukia mama mwenye kitenge na kumsemesha kwa Kichewa, pole pole, kama mama kwa mama.

Douce aliinua kichwa ghafla. Kichewa mama yake alikielewa chote.

Dokta alisema binti huyu ana akili, ila ameanguka kemia, na semesta hii ni ya kurudia. Alisema yeye angependa kumsaidia, lakini wamejiandikisha saba tu, na asipopatikana wa nane mpaka saa kumi leo, darasa halipo. Akaongeza kwamba kuna kijana mmoja wa huko huko kambini aliyeanguka pia, tena kwa alama mbaya zaidi, na hata hajaonekana: Guy Zihindula.

Mama Annonciata hakusogea. Tabasamu lake lilibaki pale pale lilipokuwa, kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Macho yake tu ndiyo yalihama, yakamwendea binti yake, na Douce akaona ndani yake aibu yote ya maikrofoni ile, vigelegele, kitenge kilichopeperushwa, jogoo. Aliumia kuliko siku ya matokeo. Alitaka kusema pardon mbele ya wote, yaishe.

"Nilisikia jina ya Guy," alisema pasta akikunja uso. "Nilisikia Zihindula. Anasema nini juu ya mutoto yangu?"

Mama Annonciata alikuwa na neno mkononi ambalo lingemwangusha pasta palepale, na ni mtu asiye na moyo tu ambaye asingemwelewa kama angelitumia. Anapumzika! Alikumbuka lile tabasamu la Jumapili. Lakini pia alisikia saa kumi, na wa nane, na miaka yake ya sokoni ikamwamkia.

"Pasta," alisema kwa upole, "anauliza ju ya nini Guy hajajiandikisha. Anasema inabaki nafasi moja tu. Jina yake iko pale, banamungojea."

Kila neno lilikuwa la kweli. Sasa Douce alijua alikoutoa ufundi wake wa kusema nusu.

"Guy yangu?" Pasta alishika kiti. "Naye banamuita?"

"Njo ile anasema. Lakini kama Guy anachoka, haina neno. Apumzike. Nafasi batapatia mutu mwengine. Pengine mutoto wa hapa Lilongwe, wa Likuni."

"Likuni!" Pasta alikuwa amekwisha toa simu. "Mutoto ya Zihindula banamuita, na nafasi iende Likuni?"

Aliweka simu kwenye spika, ili ofisi nzima ishuhudie. Iliita mara nyingi. Guy alipoitikia, nyuma yake zilisikika kelele za wauza maandazi.

"Guy! Niko mu bureau ya Dokta Kachingwe."

Upande wa pili ikatoka sauti ndogo: "Papa... mi ningeweza kukueleza."

"Hakuna cha kueleza! Unanificha kama banakuita?"

"Kama... banaita?"

"Sikiliza Guy," Douce akajitupa ndani ya mazungumzo kabla hajaharibu. "Papa yako anajua kama banakuita semesta ya kiangazi, sawa na mi. Anafurahi sana. Fungua page ya chuo sasa hivi."

Guy alikuwa mvivu lakini hakuwa mjinga. Wote walisikia akivuta pumzi. "Papa," alijaribu mara ya mwisho, "si lazima. Iko tu kwa mwenye anapenda."

"Na weye unapenda!" alinguruma pasta. "Batoto ya bengine banasoma wakati wa likizo, weye uko unafungua simu za bantu! Jiandikishe! Nitabaki hapa mpaka nione!"

Dokta Kachingwe hakujua neno la Kiswahili, lakini baba anayemfokea mtoto anaeleweka katika lugha zote. Aligeuza kompyuta yake ili naye aone. Douce alimwongoza Guy kwa simu: ingia pale, shuka chini, hapana, kemia, usibonyeze bayolojia, bayolojia ulimaliza. Mtandao wa Dzaleka ulikatika, pasta akafumba macho na kuomba kwa sauti, ukarudi. Mama Annonciata alikuwa ameshika mkono wa mumewe na kuufinya mpaka Papa Lévi akakunja uso.

Kwenye kioo cha Dokta, saba ikawa nane.

"Tunafungua Jumatatu," alisema Dokta Kachingwe, akagonga meza kwa furaha. Kemia alikuwa anaipenda kweli, na darasa lisilofunguliwa lilimuuma. Douce alicheka, halafu akalia, halafu akainamia mfuko wake akijifanya anatafuta kitu. Katika simu, ambayo pasta alikuwa amesahau kuikata, sauti ya Guy ilisema, "Douce, mi na weye tutaonana."

Mzee Nduwayo akainuka na kumkabidhi Dokta jogoo kwa mikono miwili. Dokta alisema kanuni za chuo haziruhusu kupokea zawadi. Hakuna aliyeyatafsiri hayo, na jogoo akabaki.

Kituoni, pasta na Mzee Nduwayo walikwenda kununua mkate. Mama Annonciata ndipo alipouachia uso wake ukakunjamana.

"Échec. Kuanguka," alisema.

"Moja tu, Mama. Pardon."

"Nilisimama mbele ya Mungu na maikrofoni!" Alipangusa macho kwa ncha ya kitenge kipya. "Ungeniambia. Ungeniambia, ningenyamaza."

Hakuna aliyeliamini hilo, hata yeye mwenyewe, na baada ya kitambo kicheko kikamtoka puani. Akamvuta binti yake, akamkumbatia kwa nguvu, kisha akamfinya sikio kwa nguvu ile ile.

"Mi nilijua," alisema Papa Lévi.

Wote wawili wakamgeukia.

"Kwetu Bukavu ile inaitwa deuxième session, mutihani ya kurudia. Hakuna chuo yenye kuita mutu mwenye alifaulu. Nami nilifanya. Chimie, kama Douce." Akafikiri kidogo. "Na physique."

"Na unanyamaza!" alisema mkewe. "Wiki mzima, Lévi, ninanunua mpaka jogoo! Ju ya nini hukusema?"

"Nilikuwa ninatafuta namna," alisema Papa Lévi. "Juma pili ukachukua maikrofoni."

Jumapili iliyofuata pasta aliwaita mbele wateule wawili. Douce alivaa koti lake jipya, jeupe kama theluji ya kwenye kalenda. Guy alivaa la kuazima lililomfikia viwikoni, na uso wa mtu anayepelekwa hospitali. Kwaya ikaimba, vitenge vikapeperushwa, na pasta akasimulia jinsi Dokta mwenyewe alivyomtaja mtoto wake kwa jina, ofisini, akimuulizia. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama Annonciata, mara ya kwanza tangu kanisa lile liezekwe, hakuomba maikrofoni.

Pasta akaweka mkono mmoja juu ya kichwa cha Douce na mwingine juu ya kichwa cha Guy, akainua uso kwenye mabati.

"Bwana," aliomba, "hawa batoto uliwachagua. Uwape baitwe tena mwaka kesho! Na mwaka wa kesho kutwa! Kila likizo, Bwana, baitwe!"

"Amina!" likanguruma kanisa zima.

"Hapana!" Sauti ilitoka upande wa wanawake, haikuhitaji maikrofoni, na watu wote wakageuka. Mama Annonciata alikuwa amesimama na mikono juu, macho ameyafumba. "Hapana, Bwana, usimusikilize! Mara moja inatosha!"